Sabufa Yenye Njaa

Otmar wa Ushirombo alikuwa na sabufa kubwa kama sinia la ubwabwa, na hakuwahi kuisikia hata siku moja. Aliinunua Isaka kwa dereva wa lori, akaifunga nyuma ya Noah yake, kisha wazee wa kijiweni wakamtisha: amplifaya yake ni ndogo mno. "Spika kubwa ukiipa umeme kidogo, inaungua kwa njaa!" Na yeye, mtu mzima na akili zake, akaamini. Miezi minne sabufa ikakaa bubu.

Sasa binti yake Wema alikuwa anaolewa, naye alishasema wazi: "Baba, bila muziki gari lako sipandi. Nitapanda bodaboda na shela langu."

Asubuhi ya harusi Otmar akamkimbilia Serafina, fundi redio wa pale stendi. Serafina alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Baba Wema, njaa haijaua spika hata moja. Ukiipa kidogo, inaimba kidogo, basi. Kinachoua ni tamaa: amplifaya ndogo unaikamua mpaka sauti inakwaruza. Hapo ndipo koili, ule waya wa ndani ya spika, inapochemka."

Akaingia kwenye Noah, akaunganisha nyaya, akazungusha kitufe cha sauti, besi ikaja safi. Akaongeza, ikaanza kukwaruza. Akarudisha nyuma kidogo, akatia alama kwa rangi ya kucha. "Usivuke hapa, hata akuombe askofu."

Otmar nusura alie kwa furaha.

Lakini maarusi walipotoka kanisani, vioo vya Noah vikiwa wazi na vigelegele vimetanda, besi ilimezwa yote. "Ongeza, mzee!" wapambe wakapiga kelele. Wema, kiti cha nyuma, uso ulimshuka. "Baba, ndiyo hii tu?"

Mkono wa Otmar ukaenda kwenye kitufe, ukafika kwenye alama, ukasimama hapo. Iliuma kumnyima mwanawe siku kama hiyo. Akauondoa mkono, akapandisha vioo vyote na kufunga milango.

Gari zima likajaa mvumo. Wema akashika tumbo, macho yamemtoka kwa raha.

"Jamani! Inanidunda tumboni!"

Kando yake aliketi Mama Denis, mama wa bwana harusi, bibi asiyejua habari za spika. Akaachia kigelegele kilichoishinda besi. "Ng'wanawane, mwanangu! Kumbe tayari!"

"Ni sabufa, mama!" Wema akapaza sauti, lakini mkwewe alishateremsha kioo, anawatangazia watu jina la mjukuu.