Barete Ndani ya Unga wa Muhogo

Mashini ya kompyuta ilianza kuchoka tangu Plamedi aweke ndani yake mchezo mpya wa mpira. Mchezaji alikuwa anakimbia vizuri, halafu ghafla anasimama katikati ya kiwanja, mguu mmoja juu, na ukija kumwona tena ameshafika mbele ya goli, mpira ameshanyang'anywa. Vijana wa mtaa wa Nyakasanza waliokuwa wakija kucheza kwa kulipa sebuleni kwa Bibiane walicheka mara ya kwanza. Baadaye walinung'unika. Mwishoni wakahamia upande wa soko, kwa mtu mwenye mashini ya feni zinazowaka rangi nyekundu na buluu.

Bibiane aliyaona yote hayo kutoka kwenye kona yake. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa sebuleni humohumo, imegeuzwa kuelekea mlango. Tangu mume wake Constant auawe kwenye barabara ya Mongbwalu, hakuweza kukaa mahali asipouona mlango. Kompyuta ile ilikuwa ya Constant; alikuwa akiwachapia watu karatasi za ofisi. Alipokufa karatasi zilikwisha, na mtoto wake Plamedi, aliyemaliza shule asipate kazi, akaigeuza kuwa ya michezo. Bibiane hakuipenda sana michezo hiyo. Lakini aliona kwamba vijana wakiwa wamekaa mbele ya kioo hawako barabarani, na wale waliokuwa wakizunguka kutafuta mikono ya kubeba bunduki hawawakuti. Kwa hiyo alinyamaza, akashona, akamshukuru Mungu kwa kelele zao.

Sasa kelele zilikuwa zimekwisha. Aliyebaki kuja ni Ushindi peke yake, rafiki wa Plamedi, ambaye jamaa yake ilikimbia kutoka Djugu na kulala chini ya mahema ya wakimbizi. Ndiye aliyeleta habari ya kamiyo, lori kubwa, itakayoondoka Jumatatu kwenda Mongbwalu, ikiwapeleka vijana kuchimba dhahabu.

Plamedi alimwambia mama yake wakiwa wanakula kwamba ataipanda, bila kumtazama usoni. Bibiane aliuliza watapita njia gani, ingawa alijua kwamba njia ni moja. Kijana alijibu kwamba watu wanapita kila wiki na wanarudi. Mama alitazama kiti cha Constant kilichokuwa palepale ukutani.

"Mama, miye sina kazi ingine," Plamedi alisema. "Mashini ikicheza muzuri, watu watarudi, na miye nitabakia. Kama haichezi, lundi ninapanda kamiyo."

"Umesema mbele ya Mungu?"

"Nimesema mbele yako."

Bibiane aliona kwamba hilo linatosha. Kesho yake aliwaendea wanawake wa likelemba, wale wanaochanga pamoja na kupokea kwa zamu, akawaomba wamtangulize. Walimpa, maana hakuwa mtu wa kuomba.

Mama na mtoto wakaenda pamoja kwa fundi Hubert, katikati ya mji, mtu aliyeuza vyombo vya kompyuta vilivyokwisha kutumika, vinavyotoka upande wa Uganda. Plamedi alikuwa ameshachagua tayari. Alitaka kadi ya kuchora picha, yenye feni, kama ile ya yule wa sokoni. Aliiona kwenye rafu akainua mkono kabla hata ya kusalimia.

Hubert aliishusha, akamwekea mkononi, akamwacha aitazame. Kisha akawauliza moto wa nyumbani, yaani umeme, wanautoa wapi. Plamedi alisema wana pano moja ya jua juu ya bati, na bateri. Fundi akatikisa kichwa. Alieleza polepole kwamba kadi ile inakula moto mwingi kuliko mashini yote, kwamba kisanduku cha kugawa moto kilicho ndani hakiwezi kuilisha, wangelazimika kununua kingine, na hata hivyo bateri ingezimika kabla mechi ya kwanza haijakwisha.

"Yule wa soko iko na groupe ya kutoa moto," alisema. "Anachoma mazuti. Mama, weye uko na mazuti?"

"Sina," Bibiane alisema. "Niambie kile ambacho ungenunua kwa mutoto wako."

Hubert alikuwa akisugua meno ya kipande fulani kwa gome ya kufutia penseli, na kila alipomaliza kukisugua alikitazama dhidi ya mwanga. Aliinua hichohicho. Alisema mashini isiyo na kadi inachora picha kwa kuazima kumbukumbu yake yenyewe, na kumbukumbu hiyo inakaa kwenye barete kama hii. Mashini ya Constant aliijua. Ilikuwa na barete moja tu, na karibu nayo nafasi tupu. Ukiweka ya pili iliyo sawa nayo, zinafanya kazi bega kwa bega, na picha haisimami tena. Moto zinaokula ni kidogo tu.

Plamedi alikigeuza kile kipande chembamba, kisicho na feni wala taa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama anachagua cha bei ndogo. Bibiane alisikia. Pesa aliyokuwa nayo ilitosha kadi bila kisanduku, au barete. Alifikiria mazuti asiyokuwa nayo, akachukua barete. Plamedi alitoka, akatangulia kwenda kwa Ushindi.

Kwa hiyo Bibiane alirudi peke yake, na peke yake alifanya kosa lake. Hubert alikuwa amemfungia barete ndani ya mfuko mdogo unaong'aa. Mbele kulikuwa na bariyeri ambapo wenye silaha walipekua vikapu, na vinavyong'aa havikuvuka. Katika vita ya kwanza, ile ya ujana wake, Bibiane alivusha hereni za mama yake, na chumvi, na pesa yote ya nyumba, ndani ya unga. Mikono yake ilikumbuka kabla yeye hajafikiri. Alinunua unga wa muhogo na vitunguu sokoni, akautupa ule mfuko unaong'aa, akaisukuma barete katikati ya unga mpaka kiganja kikapotea.

Penye bariyeri walichukua vitunguu. Unga waliuacha. Alitembea mpaka nyumbani akiimba moyoni.

Jumamosi Plamedi alifungua mashini, akapangusa barete kwa shati, akaibana kwenye nafasi yake. Alipowasha, kioo kilibaki cheusi, na ndani mashini ikalia kwa mlio mfupi unaorudiarudia. Aliitoa, akaitazama, akaona weupe katikati ya meno.

"Mama, uliiweka wapi?"

"Ndani ya unga."

Kijana alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mama. Hii si chumvi."

Alirudisha ile ya zamani peke yake, mashini ikawaka kwa uchovu wake uleule. Halafu akaenda kutafuta mfuko wa nguo za safari. Bibiane alikimbilia mjini, lakini milio ya risasi ilikuwa imesikika upande wa kaskazini, na maduka yote yalikuwa yamefungwa. Kwa Hubert kulikuwa na kufuli. Jirani akamwambia kwamba fundi amepeleka jamaa yake kwa ndugu, na hajulikani atarudi lini.

Jumapili watu walibaki majumbani kwa kuogopa risasi. Bibiane aliomba, na baada ya amina alibaki amepiga magoti, akijaribu kuona tena mikono ya Hubert. Kisha akasimama. Alichukua brashi ndogo ambayo kwayo alitoa vumbi la nyuzi kwenye cherehani, na gome kutoka kwenye mkoba wake wa shule ya Jumapili, akamwita Plamedi.

"Utaivunja," kijana alisema.

"Imeshakufa, si ndivyo umesema? Sasa unaogopea nini?"

Alikuja. Bibiane alipitisha brashi kwenye barete mpaka unga ukaacha kutoka, kisha kwenye nafasi yenyewe ndani ya mashini, huko ambako hakuna aliyewaza kuangalia. Unga ulitoka na huko. Akasugua meno kwa gome, upande huu na upande ule, akayatazama dhidi ya mwanga wa dirisha kama alivyoona yakitazamwa. Plamedi alitaka kupuliza kwa mdomo. Mama akamzuia, mate yasije yakaongeza shida. Kijana akaibana mwenyewe, mpaka vibano vikalia pande zote mbili.

Kioo kiliwaka. Plamedi aliweka mchezo wa mpira, akamkimbiza mchezaji kutoka goli mpaka goli, akamrudisha, akamkimbiza tena. Hakusimama. Plamedi aliachia vidole, akaweka mikono juu ya magoti.

"Haisimame," alisema.

Mtaa ulijua kabla jua halijashuka. Asubuhi ya Jumatatu sebule ilikuwa imejaa, wengine wamekaa chini, na Ushindi akaingia na begi mgongoni. Walimpa nafasi. Alicheza mechi moja na Plamedi, akamfunga, akamtania kwamba mashini mpya haijamfundisha mwenyewe kulinda goli. Kisha akavaa begi tena.

Bibiane aliinuka kwenye cherehani. Alimwambia abaki, kuna mahali pa kulala, na kazi ya kuangalia wachezaji wangegawana yeye na Plamedi.

"Mama Plamedi, hii mashini inatosha mutu moja," Ushindi alisema kwa heshima. "Mama yangu na wadogo wako chini ya hema. Siye hatuna mashini."

Bibiane alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa sauti, na vijana waliokuwa wakicheza waliacha kucheza. Kamiyo ilipiga honi kwenye njia kubwa. Plamedi akalichukua begi la rafiki yake na kutoka naye. Bibiane aliona mgongo wa mtoto wake ukipita mlangoni, akajishika kwenye ukingo wa cherehani asimwite.

Plamedi alirudi, vumbi likiwa mpaka kwenye nyusi. Mtu alimpa nafasi ya kucheza, akaikataa. Akavuta kigoda karibu na mama yake.

"Na kama mashini ilikatala kabisa?"

"Ningelala mbele ya kamiyo."

Plamedi alimtazama aone kama anatania. Bibiane alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Wiki nzima alikuwa ameomba kwa ajili ya kijana mmoja, kwa jina lake, na jina la yule mwingine halikumpita mdomoni hata mara moja mpaka asubuhi ile.

Jioni ile, walipofunga mlango na kupiga magoti, Plamedi ndiye aliyeanza sala, na Ushindi ndiye aliyetajwa kwanza.