Miguu ya Wengine

Kichomi kilinishika siku ya pili ya hija, tulipokuwa tumeshaipita Chala na Sumbawanga bado iko mbali. Kila nikivuta pumzi, ubavu wa kushoto ulichoma kama umepigiliwa msumari. Nilitembea hivyo mpaka adhuhuri. Halafu nikakaa chini barabarani, nikashindwa kuinuka.

Ulikuwa mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa mwezi huo unapita kwenye koti kama hujavaa kitu. Usiku tulikuwa tumelala kwenye sakafu ya darasa, watu wanakohoa ukuta hadi ukuta. Mimi mafua nilitoka nayo Namanyere. Nilidhani yataishia njiani.

Mimi na mke wangu Josefina tulikuwa na nadhiri. Tulizika watoto watatu, wote kabla hawajaota meno. Alipozaliwa Angela tuliahidi mbele ya padri: akifikisha miaka miwili tutakwenda kanisani Sumbawanga kwa miguu kushukuru, bila kupanda chombo chochote. Akafikisha. Tulimwacha kwa bibi yake, tukaondoka na wenzetu wa kigango, kanisa letu dogo la kijijini.

Nikiwa nimekaa pale, likaja lori la Masanja. Huyu ni Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe. Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi akauza nusu ya kundi, akanunua Fuso, akawa anabeba dagaa kutoka ziwani mpaka mjini. Akasimama, akanitazama.

"Huyu mtu anakufa," alisema. "Mpandisheni. Kabla jua halijazama yuko hospitali. Sitaki hata senti."

"Ana nadhiri," alijibu Basil, katekista aliyetuongoza. "Ni ya miguu."

"Wafipa bwana! Mungu wenu anakagua matairi?"

Wengine walicheka. Josefina hakucheka.

"Mwalimu," alimwambia Basil, "akipanda, mtoto wangu je?"

Basil alikuna kidevu. "Tuliahidi miguu, mama Angela. Hatukusema miguu ya nani. Tutambeba."

Wote walifurahi. Wakakata miti miwili, wakafungia blanketi, ikawa machela.

Mimi nilitaka lile lori. Nilitaka na Angela aishi, lakini saa ile nilitaka lori zaidi. Sauti haikutoka. Nikainua mkono kuelekea kwenye bodi. Josefina akaushika, akaurudisha ndani ya blanketi.

"Vumilia, baba Angela. Ni kwa ajili yake."

"Mkimzika, msiseme Masanja hakusimama," alisema yule bwana, akapandisha kioo, akaondoka. Vumbi lake lilinikuta nimelala. Nilikohoa mpaka nikaona damu kiganjani.

Walinibeba wanne wanne, wakipokezana, wakiimba. Walinilaza chali, na nikiwa chali ndipo pumzi ilipokataa kabisa. Nikajaribu kugeuka. Wakadhani naweweseka, wakanifunga kwa kitenge nisije nikaanguka. Basi nikawa natazama mawingu tu, na visogo vya watu wema wanaotoka jasho kwa ajili yangu. Tulipotua usiku, Josefina alinipa uji wa ulezi kwa kijiko. Ulirudi wote.

Tulifika mjini kesho yake jioni. Hospitali ilikuwa karibu, lakini walinipitisha kwanza kanisani ili nadhiri itimie. Wakaniweka mbele ya altare, wakasali rozari nzima. Sikuitikia hata Salamu Maria moja.

Daktari alinitoboa ubavuni, usaha ukajaza beseni.

"Mngemleta jana," alisema.

Josefina alikunja kitenge chake.

Angela sasa yuko darasa la tatu, hajaugua ugonjwa wa maana. Josefina anasema ni ile miguu.

Kwa upande wangu nimehesabu hivi. Pafu la kushoto halijai hewa tena. Maksai wawili waliuzwa kwa ajili ya dawa, maana za bure zilikuwa zimekwisha. Mahindi ya mwaka ule hayakupandwa. Nikilima, nalima tuta moja, nakaa chini, na mengine anamalizia Josefina.