Chai ya Injini

Hendeli ya kuwashia injini ilimgeukia Asukile, ikamtupa juu ya magunia ya pumba. Mdogo wa marehemu mume wangu, kifua kama mlango, na mashine ya kusaga imemshinda! Nilijikaza nisicheke. Mnunuzi kutoka soko la Soweto, kule mjini, alisimama mlangoni, mikono kwapani kwa baridi ya Juni. Tulikuwa tumekubaliana mbele ya wazee wa ukoo: nikiiwasha mwenyewe, mashine inabaki kwangu, nikishindwa, inauzwa.

"Zamu yako, shemeji," Asukile alisema akijikung'uta. "Ila mwanamke na dizeli, wapi na wapi."

Nilileta birika kutoka jikoni, nikamimina maji ya moto kwenye tangi la maji la injini.

"Jamani, anaipikia chai," Asukile alidakia.

Yeye na mnunuzi wakacheka. Nikawaacha. Brayson wangu, enzi za uhai wake, alinishikisha pampu ya baiskeli, akaziba tundu kwa kidole, akaniambia nisukume. Pampu ikapata joto mkononi.

"Ndiyo dizeli hiyo, Tumpe," alisema. "Haina plagi ya cheche. Pistoni inavuta hewa, inaibana mpaka inakuwa moto. Dizeli ikipulizwa humo inawaka yenyewe, inaisukuma pistoni chini, kisha moshi unatolewa nje. Siku za baridi ipashe kwanza kwa maji ya moto, kisha wewe ipe mwendo tu."

Akanionyesha kimkono kidogo juu ya injini, ambacho ukikiinua valvu inabaki wazi na hewa haibanwi. Asukile hakukigusa. Alipigana na hewa iliyobanwa tangu mzunguko wa kwanza, ndiyo maana hendeli ilimrudia.

Nilikiinua. Hendeli ikazunguka laini, gurudumu zito likashika kasi, likaanza kuvuma. Mikono iliniwaka. Nikakishusha.

Injini ikakohoa. Ikatema moshi. Kisha tu-tu-tu-tu, mabati ya paa yakatetemeka, na mimi machozi ya furaha yakanitoka, sifichi.

Mlio ule unafika hadi ng'ambo ya bonde. Mnunuzi hajapata hata neno la kuaga, wanawake walishaanza kupanda kilima na ndoo za mahindi vichwani. Wa kwanza alikuwa Jackline, mke wa Asukile. Alimpita mumewe, aliyekuwa bado amekaa juu ya magunia ya pumba, akatua ndoo mbele yangu.

"Nisagie, dada. Tangu mashine inyamaze, kwangu ni viazi tu."

Nikamimina mahindi. Asukile aliinuka, akashika mdomo wa mfuko, unga ukaanza kushuka.