Mikono Minne ya Kaboni

Jua la Antalaha, mji wa vanila, haliwaki, linamwagika. Linamwagika juu ya mablanketi meusi yaliyotandazwa uani, juu ya maganda ya vanila yaliyolala kwa maelfu kama kope zilizofumbwa, na joto likipanda hewa yote inakuwa tamu, tamu ya kulevya, tamu hadi mtu anatamani chumvi.

Katika utamu huo Volazara alikuwa amekaa miaka ishirini na mitatu. Kazi yake ilikuwa kunusa. Ganda puani, kushoto. Ganda puani, kulia. Lenye ukungu, lililokauka kupita kiasi, lililochumwa bichi kwa pupa ya mwenye shamba: pua yake iliyajua yote, kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe kati ya vilio kumi.

Lakini pua haina cheti. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na saba, tumbo lilipoanza kuonekana chini ya sare, mwaka uleule wenzake walipofungua kitabu cha kemia ya kaboni. Mtoto akazaliwa, akakua, akaolewa mji wa jirani, Sambava. Kile kitabu hakuwahi kukifungua.

Basi mwezi wa tisa alipoona tangazo kwenye ukuta wa sekondari, masomo ya kemia kila Jumamosi alasiri, bure, kwa wanaotaka kufanya bakalorea, mtihani wa kumaliza sekondari, wakiwa nje ya shule, alilisoma mara tatu. Kisha akaenda kumwambia msimamizi.

"Jumamosi?" Jaozandry alicheka mpaka akashika ukuta. "Maganda yamejaa uani, wewe unataka kwenda kukaa na watoto? Ukasome nini, mama wee?"

"Kemia."

"Ukitoka Jumamosi, Jumatatu usijisumbue kurudi."

Volazara akajifunga upya lamba yake, ile shuka ya kiunoni, akaikaza. "Jumatatu saa moja nitakuwa hapa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikiwa nimeshajua kitu."

Hakuomba. Aliondoka mchana wa Jumamosi na harufu ya vanila ikimfuata barabarani kama mbwa asiyeelewa anaachwa.

Mwalimu Andriambelo alikuwa kijana wa nyanda za juu, shati limenyooka kwa pasi, maneno nayo yamenyooka. Alipomwona mlangoni, na nyuma yake vijana wa miaka kumi na minane wakinong'ona, alisema, "Mama, vitumbua vinauzwa pale langoni."

Darasa likaangua kicheko. Volazara akapita katikati ya kicheko kile kama anavyopita kwenye mvua mtu aliyekwisha kulowa, akaketi benchi la mbele.

"Sikuleta vitumbua, mwalimu. Nimeleta daftari."

Mwalimu akamtazama, akageukia ubao, akaandika herufi moja. "Hii ni kaboni," alisema. "Ina mikono minne. Si mitatu, si mitano. Kila mkono lazima ushike kitu. Haya, andikeni."

Mikono minne, hakuna wa tano. Volazara aliandika, akatabasamu.

Kwa maana alimfahamu kiumbe huyo. Mikono minne: mmoja wa kupika, mmoja wa kufua, mmoja wa kubeba mtoto, mmoja wa kuchagua vanila. Na hata mmoja haukai bure. Kaboni akamshika kaboni mwenzake, naye mwenzake, wakawa mnyororo. Mnyororo ukajikunja, ukawa pete. Mkono uliobaki wazi ukamshika hidrojeni, mdogo, mwenye mkono mmoja tu. Na oksijeni, mwenye mikono miwili, akija akaketi pembeni ya mnyororo, tabia yote ya familia hubadilika. Akija na hidrojeni wake mkononi, ni pombe. Pombe hiyo ikiachwa wazi, oksijeni mwingine huingia, nayo inachacha, inakuwa siki.

Siki! Maisha yake yote alikuwa ameona pombe ikigeuka siki, akidhani imekasirika.

Jumatatu saa moja alikuwa mezani. Jaozandry alimwona, akapita. Pua ile hakuwa na nyingine ya kuweka mahali pake, na wote wawili walilijua hilo.

Jumamosi zikapita, za jua na za tufani. Kisha ikaja ile ya mwezi wa tatu, mwalimu alipoingia na kichupa cha unga mweupe.

"Vanilini," alisema, akikiinua. "Imetengenezwa kiwandani. Ni molekuli ileile iliyomo ndani ya ganda, kaboni kwa kaboni. Hakuna pua duniani itakayozitofautisha. Kwa hiyo, mama Volazara, samahani, lakini miaka ishirini mnanusa bure."

Wakacheka tena, ila safari hii wachache.

Volazara akasimama. "Molekuli ni ileile?"

"Ileile."

"Nakubali. Ila ganda si molekuli moja, mwalimu. Nijaribu."

Mwalimu hakuwa mtu wa kukimbia jaribio. Aliagiza maji ya moto na ganda la vanila, akamgeuzia mgongo, akaandaa vikombe vitatu. Volazara akafumba macho. Kikombe cha kwanza, puani. Cha pili, puani. Cha tatu alikirudia, akakunja uso.

"Hiki cha kwanza ni mtu mmoja anaimba peke yake. Huo ni unga wako. Hiki cha pili ni kijiji kizima kinaongea: yumo mwenye moshi, yumo mwenye matunda makavu, yumo mwenye ngozi ya ng'ombe. Hilo ni ganda."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu ni kijiji kilekile, lakini kuna mtu mmoja anapiga kelele. Umetia unga kwenye maji ya ganda, mwalimu. Umetaka kunitega."

Hakuna aliyecheka. Andriambelo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kweli nimekutega," alisema. "Na mimi ndiye niliyesema ovyo. Molekuli ni ileile, lakini ganda lina mamia." Kisha akamnyooshea chaki. "Lakini mtihani hauna pua, mama. Huyo anayeimba peke yake, mchore."

Alitembea hadi ubaoni. Alichora molekuli aliyoikariri kitabuni, kwanza pete: kaboni sita, kifungo kimoja, viwili, kimoja, viwili, kwa zamu. Pembeni akamweka oksijeni na hidrojeni wake. Jirani yake, oksijeni aliyebeba kaboni mwenye hidrojeni watatu. Upande wa pili wa pete, kaboni wa nje: mkono mmoja kwenye pete, miwili kwa oksijeni, mmoja kwa hidrojeni, mmoja...

Alisimama. Akahesabu kwa midomo. Kijana mmoja nyuma akaanza kuinua mkono.

"Shusha," alisema Volazara bila kugeuka. "Nimeuona."

Mikono minne, hakuna wa tano. Akafuta hidrojeni wa ziada kwa kiganja, akarudisha chaki mahali pake. Mwalimu alinakili mchoro ule kwenye daftari lake mwenyewe.

Mtihani ulikuja mwezi wa saba. Matokeo yakabandikwa mwezi wa nane. Kemia alipata kumi na tano juu ya ishirini. Falsafa ilimwangusha, na wastani ukakomea tisa na nusu, nusu alama chini ya mlango wa kufaulu.

"Haya, msomi," Jaozandry alimngoja getini. "Nasikia umefeli."

"Nimefeli."

"Sasa?"

"Sasa nimeshajiandikisha wa mwakani. Falsafa nayo nitaijua ina mikono mingapi."

Akapita, akaketi mezani, akaanza. Ganda puani, kushoto. Ganda puani, kulia. Filomeni, aliyekaa naye bega kwa bega miaka kumi, aliinama akamnong'oneza, "Dada, hiyo kaboni unayoililia, hasa ni nini?"

Volazara aliinuka, akaenda kwenye jiko lililochemshiwa maganda asubuhi, akarudi na kipande cha mkaa kilichozimika. Akasukuma vanila pembeni. "Ni huyu hapa," alisema. "Mngoje ajieleze mwenyewe." Na juu ya mbao nyeupe za meza, kaboni ikaanza kuandika jina lake.

Wanawake kumi na mmoja waliacha kunusa.

"Futeni meza hiyo!" Jaozandry alipaza sauti kutoka mlangoni. "Kazi inangoja!"

Vitambaa vilikuwepo, kimoja mbele ya kila mtu. Hakuna aliyekigusa. Filomeni alivunja kile kipande cha mkaa katikati, akachukua nusu yake, akapangusa vidole kwenye lamba, na kwa mkono uliokuwa haujashika chochote cha kuandikia tangu utotoni, akachora mstari wa kwanza.