Chazo Aliyetumwa Ndani ya Simu

Mwanapili alipoingia kibandani, Dalila alikuwa akisafisha tundu la chaji la simu ya muuza ndizi kwa mswaki wa mtoto na spiriti kidogo. Nje, wauza samaki wa Kismayo walikwisha kuanza kugombana, maana yake siku ilikuwa ya kawaida. Mwanapili alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafungua leso, akatoa simu ya zamani yenye ufa pembeni.

"Imekwama," alisema. "Inaonyesha jina la kampuni, chini yake inaandika kwamba imefungwa, kisha inazima na kuanza upya. Mwanangu, humo ndani mna mama yangu."

Dalila alielewa. Kabla hajafariki, Bibi Tima alipigwa video kwa simu hii mlangoni pa nyumba yake kisiwani Fuma, pwani hii hii ya Somalia, akimsuka nywele mjukuu wake Layla, binti wa Mwanapili, aliyekuwa bado msichana wa chuoni. Alikuwa akieleza Layla alizaliwa chumba gani na kitovu chake kimezikwa wapi, mpaka chaji ikaisha na video ikakatika. Siku zile yalikuwa mazungumzo tu ya kupitisha alasiri. Sasa Layla alikuwa Ulaya akiomba hifadhi. Ofisi ya huko ilimpa mtaalamu asikilize namna anavyosema, na mtaalamu akaamua kwamba msichana huyu ni wa Mombasa, Kenya, na Fuma ameisoma kwenye ramani. Shahidi aliyebaki ni bibi yake, na bibi yake alikuwa nyuma ya kioo.

"Ifungue tu," Mwanapili alisema. "Si ndiyo kazi yako?"

Ingekuwa rahisi hivyo! Kila simu ina mlango wa ndani unaoamua programu gani iruhusiwe kuamka simu ikiwashwa. Mafundi huuita butiloda. Kampuni iliyounda simu hii iliufunga mlango huo kiwandani, ikabaki na ufunguo, na simu ilipozeeka ikaacha kumpa ufunguo mtu yeyote. Na hata ungepewa, mlango ukifunguka simu hufuta kila kilichomo kabla haijakukaribisha. Kampuni husema ni kwa usalama wa mwenye simu. Mwenye simu alikuwa amekaa juu ya ndoo, na hakuna aliyemuuliza.

Dalila aliliuliza kundi lake la mtandaoni, watu wa kila pembe wanaofungua simu zilizofungwa, wasiowahi kuonana nyuso. Kulikuwa na Mbrazili mwenye picha ya paka, na Mpolandi ambaye haikujulikana hulala saa ngapi. Ni watu wakarimu mno. Simu iliyokwisha kuzikwa na kampuni yake wao huifufua bure na kumpongeza aliyeileta. Walimpa njia zote walizozijua, naye akazijaribu zote. Mwishowe Mpolandi akaandika: pole dada, kufuli la aina hii halijapata kufunguliwa na mtu.

Dalila alilia kidogo, akajifuta kwa mtandio, akaenda kumwita baba yake.

Baba yake, Abdulkadiri, alikuwa mvuvi wa kasa. Wabajuni humvua kasa kwa chazo, samaki mwenye kinatio juu ya kichwa. Hufungwa kamba mkiani, akatumwa majini, akajinatisha kwenye gamba la kasa, na mvuvi akavuta polepole. Chazo hatumwi kwa ukali, huambiwa kwa adabu nini kinatakiwa. Abdulkadiri alikuwa na mmoja ndani ya beseni la maji ya bahari, mwenye tabia ya kununa, na alimpenda kuliko baadhi ya wakwe zake.

"Kasa wa namna gani?" aliuliza.

"Si kasa, Baba. Ni Bibi Tima."

"Haye," alisema Abdulkadiri, akabeba beseni.

Simu iliwekwa mezani juu ya kitambaa kibichi. Abdulkadiri alimwinamia samaki wake. "Enda ukamtwae Tima binti Sheikhan, wa Fuma. Huyu ni mchu, mwana wa Adamu, si kasa. Mshike bega, usimshike nywele."

Chazo alijinatisha kwenye kioo. Kioo kikalegea, naye akazama, kichwa, kiwiliwili, mkia, na kamba ikaanza kuteremka. Simu haikuwa na unene wa kidole, lakini kamba iliteremka mpaka ikaisha, na Abdulkadiri akaunga ya pili. Wauza samaki waliacha ugomvi wakaja kusimama mlangoni. Kamba ikiwa majini watu hunyamaza. Humo ndani ya simu ilisikika bahari, na haikuwa hii ya Kismayo iliyokuwa nje. Ilikuwa ile ya Fuma, inayopiga mwamba, ikangoja, ikapiga tena. Waliozaliwa visiwani waliitambua, na wengine hawakuwa wameisikia tangu walipokimbia wakiwa wamebebwa migongoni. Mwanapili alijishika kifua kwa mikono miwili.

Kamba ikakaza. Abdulkadiri akavuta polepole.

Kwanza ulitoka mchanga mweupe, ukafunika bisibisi na betri. Kisha ukatoka mwanga wa alasiri, ingawa Kismayo ilikuwa bado asubuhi, ukajaa kibandani hata mabati yakang'aa kwa ndani. Ikaja harufu ya udi na samaki wa kukaanga. Ikaja miimo ya mlango, na ndani ya mlango Bibi Tima ameketi mkekani, kitana mkononi, chazo amemnata begani. Lilikuwa jambo zuri kupita kiasi. Dalila akakaa mchangani.

Ndipo mkono wa Abdulkadiri ukafanya ulichozoea. Kasa akishapanda chomboni, mvuvi humpindua chali asije akarudi majini. Kumpindua Bibi Tima kungekuwa utovu wa adabu, basi akaipindua simu, kioo chini. Bahari ikakatika.

"Baba! Mlango ulikuwa wazi, ningeinakili video!"

"Angerudi," alisema Abdulkadiri. "Wote hurudi."

Dalila alichomeka waya. Simu ilikuwa tupu. Video ilikuwa imetoka mzima mzima, na kilichotoka kilikuwa kimeketi mkekani kikitazama vidole vyake.

"Mwana u wapi?" aliuliza Bibi Tima. "Nimemsuka upande moya."

Layla hakutoka naye kwa sababu Layla yu hai, na chazo hakutumwa kwake. Lakini huko Ulaya, wakati uleule, alijikuta amesukwa upande wa kulia. Akajifunga mtandio, akaenda darasani.

Dalila aliwaeleza wenzake wa kundini namna ilivyofanyika. Mbrazili aliuliza kama samaki huyo anafaa pia kwa modeli iliyofuata. Mpolandi alitaka kujua maji yawe na chumvi kiasi gani.

Siku ya kusikilizwa kwa ombi lake huko Ulaya, Layla aliinua simu yake mbele ya ofisa, na Bibi Tima akaonekana kutoka kibandani.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Ni mchu wa Fuma, mwana wa wachu wa Fuma. Kitovu chake nimekizika mwenyewe, baina ya kisima na mkoche."

Mkalimani alitafsiri. Ofisa aliuliza rekodi hii ni ya lini. Layla akajibu kwamba si rekodi, bibi yuko pale pale, anakunywa chai. Ofisa akasema maombi yanaonyesha kuwa bibi amefariki. Layla akasema ni kweli, amefariki. Ofisa hakushangaa. Alieleza kwa upole kwamba utaratibu unakubali rekodi ya marehemu ikiwa imo katika simu iliyoipiga, lakini haumkubali marehemu mwenyewe. Ombi likakataliwa.

Layla alipiga simu alasiri, kutoka chumbani kwake, kichwa wazi. Yeye hakulia, mama yake ndiye aliyelia.

"Ndoo karibu," Bibi Tima alimwita kwa Kibajuni. "Inama."

Layla aliinama mpaka kioo kikajaa nywele. Bibi Tima akaweka vidole juu ya kioo cha simu ya Dalila, akasuka bila haraka huku akimpa habari za harusi ya mjini Burgao, ambayo waliooana wana watoto sasa. Alipomaliza, Layla aliinua kichwa. Upande wa kushoto ulikuwa umesukwa, mistari imenyooka hadi kisogoni. Aliipapasa kwa muda mrefu.

"Ahsante, Bibi," alisema, akaenda kufungasha mizigo ya kwenda Mombasa, alikoambiwa ndiko kwao.

Bibi Tima bado yuko kibandani, na Dalila bado anafagia mchanga kila asubuhi. Mara mojamoja huiwasha ile simu. Huja jina la kampuni, na chini yake maneno yaleyale, kwamba imefungwa.

Bibi Tima huitazama, akasonya.

"Na wachu hawa," huuliza, "walinda nini?"