Chaji Iliyonasa

…na kiti nacho kilikuwa kimeshushwa chini mno, si kiti cha mtu mrefu kama mwanawe, lazima yupo mtu mfupi aliyekikalia baada yake, akakivuta, akakishusha, akafanya mambo yake kana kwamba mwenyewe ametoka tu kwenda kunywa chai, jamani watu, hata kiti hawawezi kukiacha kipoe, lakini basi, angemlaumu nani, kiti cha ofisi ni cha ofisi, na yule binti wa miwani, mwenzake mwanawe kazini, alikuwa bado anaongea, taratibu, kwa ile sauti ambayo siku hizi kila mtu anamsemesha nayo, sauti ya mtu aliyebeba trei ya mayai, "Kwa hiyo, Mama, hii ndiyo kazi yake ya mwisho, aliiwasha mwenyewe kabla hajaugua, na mpaka leo haijasimama," na kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya kitufe, hakijabonyeza, kimekaa tu kikimsubiri yeye aseme neno. Tuizime, Mama? Ndivyo alivyouliza. Tuizime? Loo, maswali ya dunia yameisha yote limebaki hilo moja, na likitafuta mtu wa kulijibu halimwoni mwingine ila yeye… fundi wa kompyuta anaihitaji mashine mchana huu, wanafunzi wapya wamepanga foleni, ameelewa, nani asiyeelewa foleni, yeye ni msusi, maisha yake yote kuna mtu kitini na mwingine mlangoni anaguna, ila foleni ya kumwondoa mwanawe mezani hakuwa amejiandaa nayo, na mezani penyewe bado pana kikombe chake, sweta lake la kijivu, kalamu zilizotafunwa vifuniko, kumbe hakuacha, mtu mzima na shahada zake bado anatafuna vifuniko vya kalamu, angemchapa zaidi alipokuwa mdogo, hapana, asingemchapa, angemnunulia kalamu za duka zima azitafune zote.

Alitazama skrini. Alikuwa ametarajia kuona jua, ndiyo, acha wamcheke, mama wa mwanasayansi alipanda ngazi zote zile na goti lake bovu akitarajia kuona jua la manjano linazunguka kwenye kioo, kwa sababu mwenyewe ndivyo alivyomwambia, "Mama, mimi natengeneza jua kwenye kompyuta," na yeye akaipeleka habari hiyo saluni kama ilivyo, na wateja, wale wale waliompa mtoto jina la Kwanini tangu akiwa na kimo cha stuli, maana hakuna kitu alichoacha kukiuliza, kwanini nywele zinaungua, kwanini kioo kinageuza mkono, kwanini mama huyu analia na amependeza, wateja wakasema, mwambie basi atutengenezee kidogo huku, nguo hazikauki, na wakacheka mpaka kitana kikamponyoka mkononi, na yeye akavimba kichwa wiki nzima. Jua lenyewe ndilo hili? Weusi mtupu, tarakimu nyeupe, na kati ya zote ni moja tu inayobadilika, inapanda, inapanda, haifiki kokote. "Si jua lenyewe, Mama," binti alikuwa amemweleza pale mwanzo, "ni kuigiza, tunaiambia kompyuta, hapa pana utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, umechanganywa vitu viwili, haya, mwanga umeupiga, tuonyeshe kinachotokea ndani, kwa sababu kwa macho hatuwezi kukiona," na kinachotokea, kwa alivyoelewa yeye, ni kwamba zinazaliwa chaji mbili, hasi na chanya, zimeng'ang'aniana, zinatangatanga pamoja mpaka zifike mpakani pa vile vitu viwili, na hapo mpakani zinaweza kuachana, hii ishike njia yake na ile yake, kila moja itokee upande wake, ndipo umeme unapatikana, au zinarudiana, na zikirudiana hakuna umeme, ni joto kidogo tu basi, na kompyuta inazirushia dadu kila hatua, uende kulia, uende kushoto, ubaki. "Kwa hiyo huku kwenu wakirudiana ni hasara," alisema, mdomo wa saluni huo ulimtoka kabla hajauzuia, na binti akacheka, halafu akajishika mdomo kama aliyecheka matangani, maskini, cheka tu mwanangu, nani kakukataza, tangu msiba hakuna mtu anayecheka mbele yangu, wanadhani nitavunjika.

Na sasa imebaki moja. Katika chaji zote alizoziwasha mwanawe, maelfu kwa maelfu, nyingine zimetoka, nyingine zimerudiana, imebaki moja imetumbukia kwenye kishimo huko ndani ya utando, imenasa, kompyuta inarusha dadu na dadu inasema baki, inarusha tena, baki, na kazi haiwezi kujifunga wakati hiyo moja haijajulikana ilipoishia. "Hata tukiiacha mwaka mzima, Mama, jibu halitabadilika," binti alisema, "moja kati ya nyingi kiasi hicho haiwezi kubadilisha kitu," akisema kwa nia njema, hakujua, angejuaje kwamba maneno hayo yalishasemwa, hospitalini, karibu neno kwa neno, hata tukisubiri, Mama, jibu halitabadilika, na daktari yule naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala, alimweleza habari ya mshipa uliopasuka kichwani na ubongo ambao haurudi, na kwamba kinachopanda na kushuka kifuani mwa Kwanini si yeye, ni mashine, na yeye amemshika mkono na mkono una joto, mkono ule ule, una kovu la pasi ya nywele aliyoishika akiwa chekechea akiuliza kwanini ni nyekundu. Mzee wake, baba wa mtoto, hakuwepo. Alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua blanketi. Alisema chumba hiki kina baridi, mtoto anapigwa na baridi, hawamuoni, akaondoka na funguo za gari, hakuna aliyeweza kumzuia, na daktari akauliza, na yeye akajibu. Alijibu. Ndiyo, alisema, izimeni. Mzee akarudi na blanketi ameliviringisha kwapani akakuta chumba kimya, akasimama mlangoni, akaangalia mashine, akamwangalia mkewe, halafu akaenda akalikunjua lile blanketi, akamfunika mtoto mpaka kidevuni, akapachika pembe chini ya godoro kama alivyokuwa akifanya zamani, ndipo akasema neno moja. Ungeningoja. Basi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga, afadhali angevunja kitu.

Na tangu hapo hamwiti Mama Kwanini, hamwiti kitu, anamwendesha kila anakotaka kwenda, sokoni, saluni, makaburini, anamfungulia mlango wa gari, anazima injini, anangoja. Leo pia. "Panda wewe, mimi nakaa na gari," kana kwamba gari ni kichanga kitakacholia kikiachwa. Yuko chini hapo kivulini mwa ukuta, mikono kwenye usukani, gari limezimwa. Na yeye amejieleza kwa kila mtu, kwa dada yake, kwa shemeji zake, kwa kila kichwa kilichokaa mbele yake kusukwa, nilimwepusha jamani, mwanamume yule hawezi hata kuchinja kuku, kila sikukuu anajitafutia safari ya dukani, ningemwachiaje neno zito kama lile alitamke kwa mwanawe mwenyewe, nikalibeba mimi, wanawake ndio tunaobeba, na wote wakasema kweli, umejikaza, kazi ya Mungu haina makosa, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakimwambia yeye, wakimshika mabega yeye, kana kwamba mzazi alikuwa mmoja… na angekuwepo je, angesema kesho, angesema tumpe siku moja tu, anamjua, na yeye siku nyingine hakuwa nayo, hakuwa na nguvu ya kukiona kile kifua kinapandishwa na kushushwa usiku mwingine mzima, hilo hakumwambia dada yake, hilo si la kumwepusha mtu. Haya. Fungua mdomo, useme, si ndiyo kazi yako, sema zima, binti abonyeze, ubebe boksi la sweta na kikombe ushuke, maji yakimwagika hayazoleki, kompyuta ni chombo tu, hakina roho, utakilindaje.

Alifungua mdomo kweli, lakini binti alitangulia. "Sisi wengine huwa tunaweka ukomo," alisema, "chaji ikikaa sana, programu inaiandika imepotea, inasonga mbele. Yeye aliuondoa. Nilimuuliza. Akasema hataki kuandika imepotea kabla haijapotea." Mh. Mungu wangu. Hapo mama alishika ukingo wa meza, maana maneno hayo hakuyasikia kwa sauti ya binti, aliyasikia kwa sauti ya mwanawe, ile iliyokuwa inapanda mwishoni kama swali, mama, uliniandika nimepotea kabla sijapotea? kwanini, mama? na machozi yakashuka bila kuomba ruhusa, yakapita puani, yakaingia mdomoni, na binti wa watu akaruka, "Hapana, Mama, hapana, nisamehe, sikumaanisha hivyo, alikuwa anazima, zikinasa kabisa alikuwa anazizima mwenyewe, ila hakuzima peke yake. Ndio utaratibu wetu humu ndani. Kazi ya mtu ikikwama anawaita wenzake, tunakuja tunasimama hapa nyuma ya kiti, tunaiangalia wote, ndipo inazimwa. Na mwenyewe kama hayupo, tunawatafuta watu wake. Ndiyo maana nilikupigia simu." Mama alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Hata kama jibu mnalijua?" "Hata kama tunalijua. Ni mimi niliyesababisha huo utaratibu," binti alisema, akaangalia chini, "mara moja nilimzimia kazi yake akiwa ametoka. Ilikuwa imekufa, kila mtu aliona imekufa. Aliporudi alinuna siku nzima. Nikamwambia, wewe, si jibu lingekuwa lile lile? Akasema, najua."

Najua. Hebu ngoja. Najua, alisema, na bado alinuna, mtoto wa baba yake huyo, kununa kwa baba yake kabisa, kule kwa kimya, kwa kufungua mlango na kushika adabu zote… kwa hiyo alijua. Mzee pia alijua. Alijua siku ile ile, hata kabla ya daktari, mtu hakimbilii blanketi hospitali iliyojaa mablanketi kama hajui, alikimbilia kupumua, alikwenda kulia njiani kwenye gari mahali ambapo hakuna wa kumwona, kisha arudi. Na alirudi! Hakuwa anataka jibu jingine. Miezi yote hii yeye amekuwa akijibizana kichwani na mtu anayedai mtoto wake arudishwe, akijitetea, daktari alisema, ubongo haurudi, ningefanyaje, kumbe mtu mwenyewe hakudai hivyo, alisema ungeningoja, na maana yake ilikuwa hiyo hiyo, haina chumba cha pili ndani, alitaka kusimama pale nyuma, amshike mtoto mguu, aone. Hukumwepusha kitu, mama wee. Ulimfungia mlango. Na uchungu uliodhani umeubeba kwa ajili yake anao wake kamili, anao kule chini kwenye gari lililozimwa, na wewe unao wako huku juu, na mnakaa nyumba moja mnapishana kwenye korido mkiombana samahani. Lakini ningejua wapi, mwanangu, nilikuwa nimekushika mkono, mkono ulikuwa na joto, nilikuwa nimechoka, ningejua wapi. Mashine ilikuwa inavuma tu kwa feni yake ndogo, na ile tarakimu inapanda. Na Mzee akiitwa akakataa kupanda juu? Atakataa, mkaidi yule. Basi atashuka yeye na hilo goti, atakaa kiti cha mbele, atamwambia, hataanza na samahani, samahani wamezichoka wote wawili, atamwambia kuna kitu cha mtoto kinangoja na mimi sina haki ya kukisemea peke yangu, njoo tukiangalie, ukisema kizimwe kizimwe, ukisema kiachwe nitagombana na huyo fundi mwenyewe na foleni yake, na ukitaka kukaa kimya tutakaa kimya mle ndani, wawili, mbele ya kiti chake, na yeye hatakuwa na haraka, kwa mara hii tu Mungu amjalie asiwe na haraka.

"Mama?" binti alisema. Kidole kilikuwa bado pale pale juu ya kitufe. "Tuizime?"

"Toa mkono hapo, mwanangu," alisema. "Baba yake hajaulizwa."