Rangi ya Tofali

Mzee Egidius alitaka jambo moja tu kabla macho yake hayajazimika kabisa: amwone mkewe. Mkewe Adventina alifariki tangu mwaka wa sabini na mbili na hakuacha picha hata moja. Lakini alikuwemo ndani ya filamu. Na mzee akishaanza habari ya filamu hiyo, pale nyumbani kwao Butihinda, mkoa wa Muyinga, Burundi, uji utapoa, kuku wataingia ndani, mgeni ataaga na kuaga tena, na mzee bado yuko palepale.

"Wazungu walikuja na kamera yao Mwakiro, siku ya soko," husema. "Wakataka wanawake watatu wateremke kilimani na vikapu. Mama yako alikuwa mmoja wao. Kavaa kitenge changu nilichomnunulia mwaka ule kahawa ilipozaa sana. Cha kijani, Imelda! Kijani cha jani la mgomba likiwa changa. Soko zima hakuna mwenye nacho. Hata kipofu angemtambua."

Hata kipofu! Na sasa mwenyewe alikuwa karibu kufika huko. Nyuso hazioni tena, zimekuwa moshi mtupu. Kilichobaki ni rangi. Humjua binti yake kwa sweta yake ya njano, na mbuzi kwa weupe wake.

Imelda, binti huyo, alikuwa na shida ya upande wa pili. Macho anayo mazuri, ila hakumwona mama yake hata siku moja. Alizaliwa porini upande wa Tanzania, miezi michache baada ya filamu kupigwa, wazazi wake wakikimbia mauaji, na mama akafia palepale kwenye uzazi. Alikulia kambini, akaolewa kambini, akarudi Burundi mtu mzima na watoto wake. Mpaka leo hajui pua yake ni ya nani. Mtu aliyelelewa na mama yake hawezi kujua jinsi jambo dogo kama hilo linavyochoma.

Basi redio ikatangaza. Filamu ya zamani iliyopigwa Muyinga imefufuliwa huko Ulaya, rangi zake zote zimerudi, itaonyeshwa Gitega Jumamosi mchana, kuingia ni bure. Imelda alikuwa anachambua maharage. Aliyaacha yote kwenye ungo, akaenda kumwamsha baba yake.

Kufika Gitega haikuwa mchezo. Petroli ilikuwa imeadimika tena, magari yamelala Muyinga mjini yakisubiri, na walipopata moja likawaacha Karuzi wasubiri lingine. Mzee hakulalamika hata kidogo. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na njia nzima analipangusa vumbi, kana kwamba anakwenda kuposa.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa akina mama wa Nyamugari, mtaa wa hapo Gitega, wamevaa sare moja, kitambaa chekundu cha kukolea, rangi ya tofali lililochomwa. Mama mmoja akamweleza Imelda kwamba hiyo ndiyo nguo ya sinema. Tangu zamani, harusi ya Nyamugari haijakamilika mpaka wanawake wavae rangi ile ya wanawake watatu wa kwenye filamu. Imelda aliitikia kwa kichwa tu. Akili yake haikuwa kwenye harusi za watu.

Akasimama bwana mmoja mgeni na mkalimani wake. Akasema filamu hii ilipotea dunia nzima, ikabaki kopi moja tu, hapa hapa Gitega, nayo imezeeka na kuwa nyekundu yote, maana filamu za namna hiyo kijani na bluu hufa kwanza, inabaki nyekundu peke yake. Wamefanya kazi na kompyuta kuzirudisha rangi zilizokufa. Na pale waliposhindwa kujua, waliwauliza wenyeji wenye kukumbuka. Watu wakapiga makofi.

Taa zikazimwa. Jamani, palikuwa pazuri! Mbingu ya bluu, udongo mwekundu, migomba inang'aa. Mzee Egidius akamshika mwanawe mkono kwa nguvu.

"Kijani! Ndiye?"

"Hiyo migomba, baba."

"Na ile?"

"Migomba pia."

Halafu kilima kikatokea, na wanawake watatu wakaanza kuteremka na vikapu. Imelda akamvuta baba yake mkono. "Baba, wanawake watatu hawa hapa!"

"Wa kijani yupo?"

Imelda akaangalia, akarudia kuangalia. "Hayupo. Wote wamevaa nyekundu."

"Basi si wenyewe," mzee akasema bila wasiwasi. "Siku ile kila mtu alijipitisha mbele ya kamera. Subiri. Atakuja."

Lakini Imelda hakuweza kuyatoa macho yake kwa yule wa katikati. Mwanamke mrefu, paji la uso pana, pana kama lake. Akajiambia acha ujinga, mwenye mke amesema siye. Hata hivyo akatoa simu, akamvuta karibu, akampiga picha. Mara soko likaja, ngoma zikaja, ng'ombe wakaja, na mzee kila kijani kinachopita anauliza, na kila mara ni majani. Mpaka mwisho. Maandishi yakapanda kwenye pazia, na miongoni mwake likapita jina la Zuberi wa Nyamugari, aliyewakumbusha rangi. Ukumbi mzima ukashangilia.

"Wamemkata," Mzee Egidius akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Wamemkata, Imelda. Nimekuja bure."

Imelda akamwacha ameketi, akaenda moja kwa moja hadi kwa huyo Zuberi. Alikuwa mzee nadhifu wa kofia nyeupe, amezungukwa na watu wa kumpongeza, na pembeni yake mkewe Kulthumu ndani ya sare yake. Zuberi ndiye aliyekuwa mwonyeshaji sinema wa mji huu kwa miaka yote ile.

"Shikamoo mzee wangu. Wale wanawake watatu wa kilimani, nguo zao zilikuwa za rangi gani?"

"Si umeona, mama? Tofali!" Zuberi akacheka. "Mi ndiyo nimewaambia. Walikuja mpaka kwangu: Mzee Zuberi, we ulikuwa unaonyesha hii filamu, hizi nguo iko rangi gani? Nikasema tofali, zote tatu, hakuna kubishana. Angalia bibi yangu huyu, iko anavaa hiyo hiyo. Nyamugari yote inajua."

"Wewe ulianza kazi lini?"

"Themanini na tano. Kopi nimeikuta pale, ya zamani."

"Na ulipoikuta, migomba ilikuwa ya rangi gani?"

"Migomba?" Zuberi akafikiri kidogo. "Migomba ilikuwa nyekundu-nyekundu. Mbingu pia. Kila kitu ilikuwa nyekundu, mama. Alore, basi, migomba kila mtu anajua ni kijani, hawakuniuliza habari ya migomba. Waliniuliza habari ya nguo tu."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Tabasamu likamwondoka polepole, na Kulthumu, ambaye pia alikuwa amesikia, akaishika nguo yake pajani kama mtu aliyeambiwa ameketi kwenye matope.

"Mmoja wao alikuwa na kitenge cha kijani," Imelda akasema. "Ni mama yangu. Baba yangu yule pale haoni uso wa mtu, anaona rangi tu. Ametoka Butihinda kuja kutafuta kijani. Na wewe umekichoma moto."

"Yampayinka!" Zuberi akamaka. "Mama, mi sikujua. Walaahi, mi niliona vile nilivyoona."

Na kweli aliona. Uchungu wote ulikuwa hapo hapo, kwamba hakuna hata mtu wa kumtukana vizuri.

Imelda akamkimbilia yule bwana mgeni, akaomba kwa mkalimani, tafadhali, kipande kile tu cha kilimani, dakika moja. Bwana akasikitika sana, tena kwa adabu. Filamu ina kufuli, akaeleza, haifunguki mpaka wenyewe huko Ulaya watoe ruhusa, na ruhusa ya leo imeisha filamu ilipoisha. Kesho anapanda ndege. Nguo itarekebishwa siku nyingine, fedha zikipatikana. Haya, nenda kamwambie hivyo mtu ambaye macho yake hayajui kama yataiona krismasi.

Akarudi kwa baba yake, akachuchumaa mbele ya kiti. Angalau alikuwa na kitu mkononi. Akamweleza yote: hawakumkata, ni nguo tu zilizobadilika, wale watatu wa nyekundu ndio wenyewe.

Mzee akainua kichwa. "Basi umemwona mama yako!"

"Nimemwona, baba. Moyo uliniambia hata kabla sijaelezwa. Nimempiga picha." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ana paji la uso kama langu. Yule mrefu wa katikati."

Egidius akausugua mkono wa binti yake kwa kidole gumba.

"Wa katikati alikuwa Kasilda, jirani yetu," akasema. "Mama yako alikuwa mfupi. Alikuja wa mwisho, tena nyuma kabisa, wenzake wakimcheka. Hakuweza kutembea upesi. Alikuwa na mimba yako."

Imelda akaichukua simu. Kasilda alijaa kioo kizima, na paji lake la uso. Akajaribu kumkumbuka yule wa mwisho, jinsi alivyoteremka, kama alicheka au alinuna, pua yake ilikuwaje, na hakupata chochote. Hakuwa amemtazama. Akaivuta picha pembeni kabisa, kwenye ukingo, na hapo palikuwa na mkono ulioshika kikapu, bila kichwa, na tumbo kubwa chini ya kitenge.

"Nionyeshe," mzee akasema.

Akamsogezea simu mpaka karibu na jicho. Mzee aliikodolea kwa muda, akaigeuza huku na huku, akaitafuta rangi yake.

"Ni nyekundu tu," akasema, akamrudishia.